Uliza Mzee wa Masjala: Kapenguria na shahidi aliyeapa mara mbili

SWALI: Mzee wetu, salamu nyingi. Nafundisha historia sekondari huku Trans Nzoia. Muhula uliopita niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kwenye makumbusho ya Kapenguria, wakaona seli walimofungiwa Jomo Kenyatta na wenzake watano. Tuliporudi darasani ukazuka ubishi ambao nimeshindwa kuuzima. Kundi moja linasema kesi yao ya kuongoza Mau Mau ilikuwa ya kupangwa kwa sababu shahidi mkuu wa mashtaka, Rawson Macharia, alikiri kwa kiapo mwaka 1958 kwamba alidanganya. Kundi la pili likachimba zaidi, likakuta kwamba Macharia alishtakiwa kwa sababu ya kiapo hicho hicho cha 1958 akafungwa. Kwa hiyo wao wanasema ungamo ndilo lililokuwa uongo. Nilipomsimulia baba yangu mzazi, alisema tunajisumbua bure, maana hakimu wa enzi ya ukoloni hapimwi kwa sheria za leo. Mzee, mtu anaupimaje ushahidi wa kesi ya zamani namna hii? – Mwalimu, Trans Nzoia

JIBU: Mwalimu, salamu zimefika. Nisalimie wanafunzi wako, hasa hilo kundi la pili. Wenzao waliridhika na kisa kilichowapendeza, wao wakaendelea kuchimba mpaka wakakutana na jambo linalomsumbua kila mtu.

Tatizo ni kwamba makundi yote mawili yamemng'ang'ania Macharia. Mwachilieni kidogo. Mtu aliyeapa kortini kwamba alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo cha Mau Mau, halafu miaka kadhaa baadaye akaapa tena kwamba ushahidi ule ulinunuliwa, amesema uongo chini ya kiapo walau mara moja. Ukimsikiliza yeye peke yake, hutajua ni mara ipi. Hata ile hukumu ya 1959 iliyomtia jela miezi 21 haikuvushi mbali, kwa sababu ilitolewa na mahakama za serikali ile ile iliyokuwa ikituhumiwa kumnunua. Sisemi kwamba hakimu wa 1959 alikosa uaminifu. Nasema tu kwamba ukiwa na maneno ya mtu mmoja yanayopingana, ukayapima kwa maneno hayo hayo, utazunguka mti mpaka jua lizame.

Nilikaa masjala miaka 31, na kuna tukio moja lililonifundisha mahali pa kutazama. Katikati ya miaka ya themanini, katika korti moja ambayo sitaitaja, mzee mmoja alikuja dirishani kwangu na barua aliyokuwa ameandikiwa na mtu wa kanisani kwao. Alisema miaka tisa nyuma alitoa ushahidi wa uongo dhidi ya binamu yake katika kesi ya wizi wa ng'ombe. Alilia pale pale dirishani. Baadhi ya wenzangu walisema mzee anaogopa kaburi, anataka kwenda akiwa mwepesi. Wengine walisema jamaa zake wamemlainisha ili abadilishe maneno. Yote mawili yaliwezekana.

Niliteremsha faili. Maelezo aliyoandikisha polisi yalikuwa safi kabisa, amekumbuka hadi rangi ya kamba. Hukumu nayo ilikuwa imeandikwa vizuri. Lakini nyuma kabisa, chini ya pini iliyoshika kutu, palikuwa na hati ndogo ya malipo: nauli na posho ya shahidi, na chini yake alama ya kidole gumba kwa wino wa zambarau. Tarehe ya hati ile ilitangulia tarehe ya maelezo ya polisi kwa siku nne. Yaani alilipwa posho ya ushahidi kabla hajaeleza ameona nini. Aliyeijaza hati ile hakuwa na haja ya kumshawishi mtu yeyote kuhusu ng'ombe. Alikuwa anasawazisha hesabu za ofisi. Kwa hiyo niliiamini kuliko barua na machozi, na kuliko ile hukumu iliyoandikwa vizuri. Binamu alikuwa ameshamaliza kifungo chake chote. Niliipeleka barua kwa hakimu, ikarudi bila neno, nikaibana humo humo ndani ya faili. Mpaka leo nikisoma habari za Kapenguria naiona ile alama ya kidole.

Sasa turudi huko, tutafute karatasi za namna hiyo.

Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na usiku huo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko wakawa miongoni mwa waliokamatwa. Shtaka lilikuwa kuongoza chama haramu, Mau Mau. Kesi haikusikilizwa Nairobi. Watuhumiwa walipelekwa Kapenguria, wakaachiliwa kwenye karatasi tu na kukamatwa upya pale pale, ili korti ya huko ionekane ina mamlaka juu yao. Korti yenyewe ilikuwa darasa la shule. Eneo lilikuwa limefungwa, huingii bila kibali. Hapakuwa na hoteli wala simu, na mawakili walilala Kitale, kilomita kama 40 kutoka hapo. Wanafunzi wako wameupita mwendo huo kwa basi. Waambie waufikirie mwaka 1952, wakili anatafuta mashahidi huku mashahidi wenyewe wanahitaji vibali, na wengi wao wanatoka ng'ambo ya pili ya nchi.

Hilo bado si uthibitisho. Serikali iliweza kusema inaogopa ghasia mjini, na hofu ilikuwepo kweli: Chifu Waruhiu alikuwa ameuawa tarehe 7 Oktoba, wiki mbili tu kabla. Liwekeni pembeni kama jambo la kutia shaka, mwendelee.

Karatasi ya kwanza yenye uzito ni ile ya ahadi alizopewa Macharia: nauli ya ndege kwenda Uingereza, masomo ya utawala wa serikali za mitaa, ulinzi wa familia yake, na kazi ya serikali akirudi. Na kweli alipelekwa Uingereza. Ya pili ni barua ya Baring mwenyewe kwa waziri wa makoloni, Oliver Lyttelton, akimweleza kwamba kila juhudi imefanywa kuwapa mashahidi tuzo na kuwalinda. Mwalimu, itazame barua hiyo kwa jicho la karani. Baring hakuwa anaungama, wala hakuwaandikia wanahistoria. Alikuwa anamhakikishia mkubwa wake kwamba kazi inakwenda vizuri. Mtu akiandika jambo linalomharibia bila kujua kwamba linamharibia, neno lake lina uzito kuliko viapo kumi vya mtu anayejitetea. Kwa hiyo swali la Macharia alidanganya lini halitubani tena sana. Kwamba tuzo zilitolewa tumeshalijua, kutoka kwa waliozitoa.

Atasimama mwanafunzi mmoja aseme shahidi alihitaji kulindwa, kwa hiyo ahadi zile zilikuwa za ulinzi. Hoja hiyo ipewe nafasi. Ulinzi ni askari mlangoni na familia kuhamishwa, na hilo lilikuwa halali kabisa kwa hali ya wakati ule. Lakini masomo ya chuo ng'ambo na kazi ya serikali ni malipo. Na kubwa zaidi, upande wa utetezi haukuambiwa. Wakili mkuu wa utetezi, D. N. Pritt, alikuwa bingwa wa kumhoji shahidi. Angejua habari za ile safari, angemuuliza Macharia, na hakimu angelazimika kulisikia jibu. Kwangu mimi kasoro kubwa ya kesi hiyo iko hapo hasa. Shahidi aliyelipwa anaweza bado kusema kweli, lakini mshtakiwa ana haki ya kujua kwamba amelipwa.

Karatasi ya tatu inamhusu hakimu. Ransley Thacker alikuwa amestaafu ujaji, akarudishwa kwa ajili ya kesi hii, akaisikiliza peke yake bila wazee wa baraza, yaani raia wanaokaa na hakimu kumshauri. Wanahistoria waliofukua nyaraka za serikali wamekuta kwamba alipewa pauni 20,000 kutoka mfuko wa dharura. Hapo nakaa kimya kidogo kila mara. Nimefanya kazi chini ya mahakimu wengi, wakali na wapole, na namjua hakimu maskini aliyerudisha debe la asali aliloletewa na mtu mwenye kesi mbele yake. Hakimu anayepokea fedha kutoka upande mmoja wa kesi ameshaacha kuwa hakimu wa kesi hiyo, hata kama uamuzi wake ungekuwa sahihi.

Kisha kuna kitu ambacho hakihitaji hata kufukuliwa, maana kimo ndani ya hukumu yenyewe ya tarehe 8 Aprili 1953. Kuhusu tukio la kiapo alilolieleza Macharia, Thacker alisema kwamba uamuzi wake unamaanisha hakuwaamini mashahidi kumi wa utetezi na alimwamini mmoja wa mashtaka, na kwamba hakusita kufanya hivyo. Hakimu ana ruhusa ya kumwamini mmoja dhidi ya kumi, idadi peke yake haiamui. Ila anapofanya hivyo tunategemea sababu nzito. Na yule mmoja alikuwa anaeleza tukio la tarehe 16 Machi 1950. Mau Mau ilipigwa marufuku Agosti 1950. Hata ukiumeza ushahidi wa Macharia wote bila kutafuna, unaeleza jambo lililotangulia marufuku kwa miezi kadhaa. Wape wanafunzi tarehe hizo mbili peke yake, uwaache wakodoe macho.

Sasa pima na upande wa pili, maana mizani yenye sahani moja si mizani. Watuhumiwa walikuwa na mawakili wa chaguo lao, akiwemo Pritt kutoka Uingereza, Dudley Thompson wa Jamaika, H. O. Davies wa Nigeria, Chaman Lall wa India, na mawakili wa hapa kama Fitz de Souza na Achhroo Kapila. Waliruhusiwa kuita mashahidi. Pritt aliposhtakiwa kwa kuidharau korti, kwa sababu ya simu ya maandishi aliyowapelekea wabunge wa Uingereza kulalamikia mwenendo wa kesi, Mahakama ya Juu ya koloni ilimwachilia. Louis Leakey, aliyekuwa mkalimani, alijitoa baada ya utetezi kumlalamikia kwamba anaegemea upande mmoja. Mwaka 1953 Mahakama ya Juu ikatengua hukumu nzima kwa sababu uteuzi wa Thacker ulikuwa wa jimbo jingine na Kapenguria haikuwemo. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikairudisha. Haya yote ni ya kweli, na kitabu kinachoyaficha hakiwatendei haki wanafunzi wako. Yanaonyesha kwamba ndani ya mfumo ule walikuwepo watu walioifuata sheria hata ilipoikera serikali. Hayaondoi yale malipo ya siri. Mlango wa mbele ulikuwa wazi kwa mawakili na waandishi wa habari, na mambo mazito yakapita mlango wa nyuma.

Nifikishie heshima zangu kwa mzee wako. Hoja yake ni ya mtu mzima na ninaikubali nusu. Simlaumu Thacker kwa sheria ambayo hakuitunga. Lakini mwaka 1923, karibu miaka 30 kabla ya Kapenguria, jaji mkuu wa Uingereza, Lord Hewart, alitamka kwamba haitoshi haki itendeke, ni lazima ionekane wazi kwamba imetendeka. Hicho kilikuwa kipimo chao wenyewe, kila wakili aliyesomea kwao alikijua. Na tazama jinsi malipo yale yalivyofichwa. Kama yangekuwa ya kawaida kwa desturi ya siku zile, yangetajwa kortini asubuhi ya kwanza. Mwaka 1961 waziri wa makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Uingereza zisikabidhiwe kwa serikali mpya za makoloni. Nyingine zilichomwa, nyingine zikapelekwa Uingereza na kufichwa, na maelfu ya kurasa za Kenya yakajulikana mwaka 2011 tu, wakati wazee waliopigania uhuru walipoishtaki serikali hiyo huko London. Sisi watu wa masjala tunajua kwamba faili halichomwi kwa kuwa limejaa vumbi.

Liko jambo moja zaidi, na hili wanafunzi wako hawajalifikia bado. Wanabishana kana kwamba kesi ikiwa ya haki, basi watuhumiwa walikuwa na hatia, na ikiwa ya dhuluma, hawakuwa nayo. Wanahistoria wengi leo wanakubaliana kwamba Kenyatta hakuwa kiongozi wa Mau Mau. Tarehe 24 Agosti 1952 alisimama Kiambu mbele ya umati mkubwa akailaani, na Thacker hakuuamini ukweli wa laana hiyo. Lakini Kaggia na Kubai ni habari nyingine. Walikuwemo katika kamati ya siri iliyoendesha viapo, na Kaggia mwenyewe aliyaeleza hayo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1975. Je, kesi ikawa ya haki kwao na ya dhuluma kwa Kenyatta? Hapana. Walikaa benchi moja, mbele ya hakimu mmoja aliyelipwa, na shahidi aliyelipwa. Mtu aliyetenda jambo naye anaweza kuhukumiwa kwa dhuluma. Wanafunzi wakilishika hilo, ubishi wa darasani utageuka sura.

Ukipata kipindi kimoja cha ziada, fanya hivi. Andika kila ushahidi kwenye kikaratasi chake: kiapo cha 1958, hukumu ya 1953, barua ya Baring, kumbukumbu za Kaggia, na vingine mtakavyopata. Juu ya kila kikaratasi waandike nani aliandika, lini, na alitaka nani aamini nini. Wapange kwa tarehe kwanza. Kusoma kilichomo ndani kuje baadaye.

SWALI: Mzee, nimesoma kwamba Achieng Oneko alishinda rufaa mwaka 1954. Mbona hakurudi nyumbani? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Ni kweli, rufaa yake ilikubaliwa Januari 1954. Lakini alizuiliwa tena papo hapo chini ya kanuni za hali ya hatari, ambazo hazikuhitaji kesi wala ushahidi. Ukilitafakari hilo litakuuliza swali jingine. Ikiwa serikali ilikuwa na uwezo wa kumfungia mtu bila kesi, kwa nini iligharimia miezi minne ya Kapenguria? Jibu langu ni kwamba ilitaka muhuri wa korti. Kizuizini mtu ni mfungwa wa serikali tu, lakini akishahukumiwa dunia inamwita mhalifu. Haja kubwa ya namna hiyo ya kupata hukumu fulani ni jambo la kuandikwa kwenye kikaratasi chake pia.

SWALI: Kumbukumbu za kesi ya Dedan Kimathi zimechapishwa. Zinathibitisha kwamba alidhulumiwa? – Msomaji, Nyeri

JIBU: Zilichapishwa 2017, baada ya miaka mingi ya watu kudhani zimepotea. Ukizisoma, tenganisha maswali mawili. La kwanza ni kama kesi iliendeshwa kwa kufuata taratibu za wakati ule. Kulikuwa na wakili wa utetezi, wazee watatu Waafrika wa baraza, na Jaji Mkuu Kenneth O'Connor juu ya kiti. Hapo utapata mengi ya kubishania kuhusu tafsiri na kuhusu hali ya mshtakiwa aliyekuwa na jeraha la risasi. La pili ni sheria yenyewe. Kimathi hakushtakiwa kwa kuongoza vita. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi, na kanuni za hali ya hatari zilikuwa zimelifanya hilo kosa la kunyongwa. Hata jaji mwadilifu kuliko wote, akiishika sheria hiyo, angemfikisha kwenye kitanzi cha gereza la Kamiti. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa 27 Novemba, akanyongwa 18 Februari 1957. Tangu risasi ya mguuni hadi kitanzi, haikutimia miezi minne, rufaa zikiwemo humo.